Kamba saba kwenye karatasi, kamba tano kwenye picha: namna ya kusoma mchoro wa maandalizi

Swali: "Rafiki yangu ni msanii. Amenizawadia mchoro alioufanya kabla ya onyesho lake moja ambalo mimi sikulishuhudia. Kuna umbo la mtu lisilo na uso, limefungwa kiunoni kwa kamba saba zinazoshuka kutoka darini, mishale inayozunguka sakafuni, namba nyingi, na maneno kadhaa yaliyofutwa. Nimeona picha za onyesho lenyewe: kamba ni tano. Sasa sijui nina nini mkononi. Ni kazi ya sanaa au ni karatasi ya kazi tu? Ukweli uko wapi, kwenye mchoro au kwenye picha? Na je, niutie fremu?"

Jibu: Unavyo vyote viwili, lakini nakusihi uanze na karatasi ya kazi, kwa sababu sanaa iliyomo humo haionekani mpaka kazi yenyewe ieleweke. Wengi wanaopewa mchoro wa namna hii huutazama kama picha ya ukutani. Wanatafuta uzuri wa mstari, wanapima kama mkono umechorwa sawasawa, kisha wanakata tamaa kwa kuwa umbo limechorwa haraka na namba zimejazana. Mchoro wa maandalizi haukukusudiwa kuonyesha onyesho lilivyokuwa. Ulipochorwa, onyesho halikuwapo. Humo ndimo msanii alimoamua mwili utakaa wapi, utabeba nini, utavumilia kwa muda gani, na mtazamaji ataruhusiwa kusogea hadi wapi. Ukitafuta maamuzi hayo, hata namba iliyokatwa kwa mstari mmoja itakuwa na la kukuambia.

Ugumu wake unatokana na aina ya kazi yenyewe. Rafiki yako alisimika vitu ndani ya chumba, yaani kamba, kulabu na nafasi aliyoiacha wazi kwa makusudi, kisha akauingiza mwili humo mbele ya watu kwa muda maalumu. Mchongaji anapojiandaa anahangaika na umbo. Mwandishi wa tamthilia anahangaika na maneno na mpangilio wa matukio. Rafiki yako ilimbidi aweke chumba, vitu, mwili, muda, na watu asiowajua ambao wangeingia pale, vyote kwenye karatasi moja ambayo haisogei. Kwa hiyo kila msanii wa fani hii hujibunia alama zake. Mshale wa huyu ni mwendo, wa yule ni nguvu inayovuta, wa mwingine ni upande ambao macho yanaelekea. Usije ukadhani kuna kamusi mahali fulani ambayo wewe tu hukuisoma.

Tuanze na lile umbo lisilo na uso. Si uvivu. Uso ukiwapo, tunaanza mara moja kuuliza mtu huyu anahisi nini, na katika hatua hii msanii anauliza jambo jingine: mwili huu unafika wapi na unazuiwa na nini. Oskar Schlemmer, aliyefundisha katika shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus nchini Ujerumani, aliwachora watu wa namna hii kwa miaka mingi, vichwa vyao vya mviringo na viungo vyao vimegeuzwa kuwa maumbo ya jiometri, na katika baadhi ya michoro mistari mingi inavuka chumba kizima na kukiunganisha na mwili uliosimama katikati. Katika dansi yake ya Triadisches Ballett, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Stuttgart tarehe 30 Septemba 1922, mavazi 18 yaliyotokana na fikra hizo yalikuwa mapana na magumu kiasi kwamba yenyewe ndiyo yaliyowaamulia wachezaji watatu jinsi ya kusogea. Ukimchorea mtu sketi pana ya waya, umeshaamua kwamba mikono yake haitashuka ubavuni. Basi mbele ya mchoro wako jiulize: karatasi hii inaukataza nini mwili? Kiuno kimefungwa. Je, miguu inagusa sakafu? Mikono iko huru, au imeshika kamba? Majibu ya hayo yatakuambia zaidi kuliko uso.

Sasa kamba, ambazo naona ndizo kiini cha swali lako. Chukua mwili wa kilo 60 unaoning'inia kwa kamba mbili. Kamba zikishuka wima, kila moja inabeba kilo 30. Zitanue mpaka pembe iliyo kati yake ifike digrii 120, na kila kamba itabeba kilo 60 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Ukizitanua zaidi ya hapo, kila moja inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa mtu mwenyewe. Na huo ni mwili uliotulia. Ukibembea, au ukishuka ghafla hata kidogo tu, mzigo unapanda tena. Hayo yote yanaangukia kwenye kulabu zilizoko darini, na dari nyingi za kumbi za maonyesho hazikujengwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo angalia kamba mbili za pembeni kabisa kwenye mchoro wako. Kama zimelala sana kuelekea ukutani, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndizo zilizoachwa, na aliyeziondoa ni fundi aliyeipima dari. Kama kamba zote saba zinashuka karibu wima, basi tafuta sababu kwenye mwili. Kamba saba zikikusanyika kiunoni hubana. Anayezivumilia kwa dakika 10 za majaribio huenda asizivumilie kwa saa 3 za onyesho. Linganisha pia namba: je, kuna mahali palipoandikwa 7 pakakatwa? Kuna mwandiko wa mtu wa pili? Kwa kazi za kuning'inia mwandiko wa pili mara nyingi ni wa fundi, na mimi hufurahi sana kuuona, maana hapo karatasi inaacha kuwa ndoto ya mtu mmoja na kuwa mazungumzo kati ya msanii na wale waliobeba dhamana ya uhai wake.

Msanii ninayemrudia kila ninapofikiri juu ya karatasi na mwili ni Rebecca Horn, Mjerumani aliyezaliwa 1944 na kufariki 2024. Akiwa mwanafunzi alitengeneza sanamu kwa poliesta na nyuzi za kioo bila kinga yoyote. Mapafu yake yakaathirika vibaya na akalazwa kwa muda mrefu. Kitandani hakuweza kutengeneza sanamu kubwa. Aliweza kuchora na kushona vitambaa. Humo ndimo zilimoanzia kazi zake za kuvaliwa mwilini, ikiwamo Einhorn: pembe ndefu nyeupe juu ya kichwa cha mwanamke, imeshikiliwa kwa mikanda inayoushuka mwili wake. Ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta 5 mjini Kassel mwaka 1972. Mikanda ile si pambo. Pembe ndefu kichwani huyumba kwa kila hatua, na aliyeivaa hana budi kutembea polepole, shingo imenyooka. Mwendo ule wa heshima ambao watazamaji wanaukumbuka ulikuwa umeshaamuliwa pale ilipoamuliwa mikanda ipite wapi. Fikra zilizoanzia kwa mtu aliyelazwa kitandani zilikuja kumpangia mtu mwingine namna ya kutembea. Sijui mfano unaoeleza vizuri kuliko huu kwa nini karatasi hizi zinastahili kutunzwa.

Namba nazo zisikutishe. Mara nyingine kazi nzima imo ndani ya kipimo kimoja. Mwaka 1968 Bruce Nauman, msanii wa Marekani, alijenga kwenye karakana yake ujia kwa kuta mbili zilizosimama sambamba, akatembea ndani yake akiyumbisha nyonga, mikono imeshikana nyuma ya shingo, na kamera ya video ikamrekodi kwa takriban saa nzima. Mwaka uliofuata ujia huohuo uliwekwa kwenye maonyesho ya Whitney Museum, New York, safari hii bila yeye. Walioingia ni watazamaji. Una urefu wa kama mita 6, kimo cha mita 2.4, na upana wa sentimita 51 tu. Upana huo unamruhusu mtu kupita, ila anazihisi kuta kwa mabega na viwiko kila anapopiga hatua, na ghafla anatambua jinsi anavyotembea. Ufanye uwe sentimita 90 na umebaki na korido ya kawaida. Nauman hakuhitaji kumwandikia mtu maelekezo. Kipimo kilitosha.

Ndiyo maana nakushauri jambo ambalo wengi huliona la ajabu: chukua vipimo vilivyo kwenye mchoro wako, uvipime sakafuni kwa ukubwa wake halisi, uweke alama kwa utepe wa karatasi, kisha usimame ndani. Kama panasemwa mita 1.2 kati ya mwili na watazamaji, mwombe mtu asimame hapo na wewe usimame mahali pa umbo. Mita 1.2 kwenye karatasi haina maana yoyote. Mbele ya mtu anayekutazama bila kusema neno, utajua kwa nini msanii hakuchagua mita 3. Mishale nayo itembee. Kama inauzunguka mwili kwa duara, itembee duara hiyo mara kadhaa, utambue ni wapi unaona uso wa aliyesimama katikati na ni wapi unaona mgongo tu. Kama mishale ni ya watazamaji, utakuwa umeelewa walichopangiwa kukiona. Kama ni ya mwili uliofungwa, utajua kamba zilikuwa zikijisokota.

Kuhusu muda, tazama pembeni na nyuma ya karatasi. Muda ndio mgumu kuliko vyote kuchora, na wasanii wengi huukimbizia kwenye maandishi madogo. Allan Kaprow, msanii wa Marekani, alipoandaa onyesho la 18 Happenings in 6 Parts kwa ajili ya Reuben Gallery, New York, mwaka 1959, aligawa ukumbi kuwa vyumba vitatu kwa kuta za plastiki zinazopitisha mwanga, na kila mgeni akapewa kadi za kumwelekeza akae chumba gani kwa sehemu gani na ahame lini. Aliacha nyuma karatasi nyingi za maandalizi, na mwaka 2006, mwaka aliofariki, onyesho hilo lilijengwa upya mjini Munich kwa kuzifuata. Wale waliolifanya walizitegemea karatasi hizo ili kuingia ndani ya kazi iliyopita miaka 47 kabla. Kwa hiyo mstari wowote wa dakika, hata ulioandikwa ovyo pembeni, uhesabu kuwa sehemu ya mchoro.

Maneno yaliyofutwa usijaribu kuyafufua kwa kupaka penseli juu yake, kama watu wanavyofanya kwenye filamu. Utaiharibu karatasi. Zima taa za chumba, washa taa ndogo ubavuni mwa karatasi ili mwanga uilambe kwa pembe ya chini sana, kisha piga picha. Penseli iliyokandamizwa huacha mfereji hata baada ya kufutwa, na kivuli cha mfereji huo husomeka. Wakati huohuo utaona mikunjo, matundu ya pini na alama za gundi. Hizo ni habari njema. Karatasi iliyobandikwa ukutani, ikakunjwa mfukoni, ikatobolewa na kubandikwa tena ilikuwapo pale kazi ilipofanyika.

Nalisema hili kwa sababu si kila kinachoitwa mchoro wa maandalizi kilichorwa kabla. Onyesho likipita na jina la msanii likapanda, watu hutaka kumiliki kitu, na kazi ya mwili haina cha kubeba nyumbani. Wapo wanaochora upya kwa karatasi safi, rangi nzuri na sahihi kubwa. Simlaumu anayefanya hivyo mradi ataje mwaka. Tena michoro ya baadaye inaweza kuwa na uhai wake mkubwa. Tanaka Atsuko wa kundi la wasanii la Gutai nchini Japani alivaa mwaka 1956 vazi lake la umeme, lililotengenezwa kwa balbu na mirija ya taa iliyopakwa rangi, zikiwaka na kuzimika mwilini mwake. Michoro inayohusiana na vazi hilo imejaa miviringo iliyounganishwa kwa mistari iliyosokotana, balbu na nyaya, na miviringo hiyohiyo aliendelea kuipaka kwa miongo hadi kufariki kwake 2005, wakati hakuna tena vazi la kutengeneza. Kwa upande mwingine kabisa kuna Christo. Yeye na mkewe Jeanne-Claude waligharamia kazi zao za kufunika majengo na mandhari kwa kuuza michoro ya maandalizi, na kazi ikishakamilika Christo hakuchora tena juu yake. Alifariki Mei 2020, na Septemba 2021 lango la ukumbusho la Arc de Triomphe mjini Paris lilifunikwa kwa mita za mraba 25,000 za kitambaa kwa kufuata mipango aliyoiacha. Zile kazi hazikuwa maonyesho ya mwili, lakini nidhamu yake juu ya kabla na baada ni ya kuigwa.

Turudi kwenye ukweli uko wapi. Sikubaliani na wanaosema mchoro ndio wazo safi na onyesho ni wazo lililochafuliwa na hali halisi. Katika sanaa hii mwili ndio hujaribu kila kitu. Marina Abramović na Ulay, walipofanya Imponderabilia huko Bologna mwaka 1977, walisimama uchi wakitazamana kwenye mlango mwembamba, na kila aliyeingia kwenye jumba lile ilimbidi apite katikati yao kwa ubavu. Upana wa mlango unaweza kuchorwa. Yupi kati ya hao wawili mgeni atamgeuzia uso, hilo haliwezi kuchorwa, na ndilo lililokuwa kiini cha kazi. Wala mchoro usingeonyesha kwamba polisi wangekuja kulikatisha.

Lakini pia sikubaliani na wanaoitupa karatasi onyesho likiisha. Miaka ya 1970 mkusanyaji wa Italia, Giuseppe Panza, alinunua kazi kadhaa za wasanii wa Marekani zikiwa bado mipango kwenye karatasi. Baadaye nyingine zilijengwa bila msanii kushiriki, na Donald Judd akazikana hadharani zile zilizojengwa kwa jina lake. Karatasi ilikuwa na vipimo vyote na bado haikutosha. Mcheza dansi Simone Forti alipofanya kazi yake ya Slant Board mwaka 1961, maelezo yake yalikuwa mepesi: ubao wa mbao wenye pande za kama mita 2.4, umeinamishwa kwa digrii 45, na kamba zenye mafundo zimefungwa juu yake ili watu wapande na kuvukana. Ungeweza kuichora kwa mistari michache. Hata hivyo MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilipoichukua kazi hiyo pamoja na nyingine zake mwaka 2015, ilikubaliwa kwamba michoro na maelekezo yaende sambamba na kufundishana, mwili kwa mwili, na watu waliokwisha kuifanya. Yupo hata msanii Tino Sehgal, asiyeruhusu karatasi wala picha yoyote: kazi zake huuzwa kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi. Namheshimu, lakini nikiangalia zawadi yako nashukuru kwamba rafiki yako hakufuata njia yake.

Kwa hiyo saba ni kweli ya yule aliyekuwa akipanga, na tano ni kweli ya siku ile. Usimwombe arekebishe mchoro, na wala usikubali akijitolea kuurekebisha. Kamba mbili zilizopotea ndizo sehemu ya zawadi yako ambayo hakuna picha ya onyesho inayoweza kukupa.

Fremu, ndiyo, weka, ila kwa masharti. Piga kwanza picha pande zote mbili. Usisafishe madoa wala usibandue utepe wa gundi hata kama umegeuka njano. Kazi hiyo mwachie mhifadhi wa karatasi. Tumia kadi isiyo na asidi nyuma na kuzunguka mchoro, na kioo kisiguse karatasi. Kama kuna maandishi upande wa nyuma, fremu iweze kufunguliwa. Usiutundike mkabala na dirisha. Makumbusho huonyesha kazi za karatasi kwa mwanga wa takriban lux 50, ambao ni hafifu sana kwa macho yaliyozoea sebule, na baada ya miezi michache huzirudisha gizani. Penseli itastahimili. Wino wa kalamu za kuchorea za kawaida ndio hufifia haraka, na mara nyingi msanii huitumia kalamu hiyohiyo kuandika masahihisho, kwa hiyo kinachotoweka kwanza ni mabadiliko ya mawazo yake.

Mwisho, una bahati ambayo wanaotunza karatasi za waliokufa hawana: aliyeichora yupo. Mwendee na nakala ya mchoro, si mchoro wenyewe, na umwulize mambo madogo. Nani aliandika namba hii? Kamba zilizoachwa zilikuwa zipi, na ziliondolewa kabla ya majaribio au baada yake? Mshale huu ni wako au ni wa watazamaji? Ulichora hapo ukumbini au kabla hujauona ukumbi? Mwache aoneshe kwa mwili pale maneno yatakapomwishia, na kama ataridhia, mrekodi. Majibu yaandike kwa tarehe kwenye karatasi nyingine, uitunze pamoja na mchoro, na usiandike chochote juu ya mchoro wenyewe, hata kwa penseli.